Mtoto anapotoa talaka kwenye gemu ya shamba

“Mama, leo nimemwacha mke wangu.”

Maneno kama haya yakitoka kwa mtoto wa darasa la saba aliyejilaza kwenye kochi na simu mkononi, mama anaweza kuuachia mwiko ndani ya sufuria ya ugali. Akiuliza kwa utulivu atagundua kwamba mke mwenyewe ni mchoro. Anaitwa Penny, au Leah, au Abigail, na anaishi Pelican Town, mji mdogo ambao haupo kwenye ramani yoyote ya dunia. Wamekaa kwenye ndoa mwaka mzima wa gemu, ambao kwa saa ya ukutani ni kama saa 26 za kuchezea. Wana watoto wawili. Na leo, kabla ya chakula cha usiku, ndoa imekwisha.

Wazazi wengi wakifika hapo hushusha pumzi, hucheka na kurudi jikoni. Ni gemu tu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyebeba sanduku kurudi kwao.

Hilo ni kweli, na si vizuri kulikuza jambo lisilo kubwa. Lakini mzazi anayerudi jikoni haraka anapitwa na mazungumzo ambayo kwa kawaida ni magumu kuyaanzisha. Mtoto amekuja mwenyewe kuzungumza habari za kuachana. Siku nyingine mzazi angetafuta pa kuanzia na asipaone.

Gemu yenyewe inaitwa Stardew Valley. Ilitengenezwa na mtu mmoja, Mmarekani Eric Barone, aliyeifanyia kazi kwa zaidi ya miaka minne akiwa peke yake: michoro, muziki, hadithi, kila kitu. Ilitoka Februari 2016 kwa ajili ya kompyuta, ikafika kwenye simu za iPhone mwaka 2018 na za Android mwaka 2019. Hadi mwisho wa mwaka 2024 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa duniani. Barone hakuficha kwamba aliiga mtindo wa gemu ya Kijapani ya Harvest Moon, iliyotoka mwaka 1996, ambayo nayo ilikuwa na shamba, ng’ombe na mchumba wa kutafutwa.

Mchezaji anarithi shamba la babu yake. Anaanza na dhahabu 500, mbegu 15 na msitu wa magugu. Analima, anavua samaki, anafuga kuku, anachimba madini. Siku moja ya shambani inapita kwa takriban dakika 14, na kila majira yana siku 28. Wanakijiji wana majina, siku za kuzaliwa, vyakula wanavyovipenda na wanavyovichukia, na kila mmoja ana mioyo inayojaa kadiri mchezaji anavyomsalimia na kumpelekea zawadi.

Kwa mzazi mwenye wasiwasi wa kawaida, mambo machache ya haraka. Mtoto akicheza peke yake hazungumzi na mtu yeyote wa mtandaoni. Huyo “mke” ni maandishi yaliyopangwa. Gemu inanunuliwa mara moja, na dhahabu ya ndani haiuzwi kwa pesa halisi, kwa hiyo hakuna salio la M-Pesa litakalopotea kwa ajili ya harusi. Nchini Marekani imepewa daraja la watoto wa miaka 10 na kuendelea, na sababu zake zinaonekana: kuna baa, kuna walevi wawili watatu, kuna kamari ya kuigiza. Pia kuna wachumba 12, sita wa kiume na sita wa kike, na mchezaji hazuiwi kumchumbia yeyote kati yao, awe mhusika wake ni mvulana au msichana. Mzazi ni bora alijue hilo mapema, aamue mwenyewe namna ya kulizungumza nyumbani kwake, kuliko kulikuta kwa kushtukiza.

Sasa turudi kwenye ndoa iliyovunjika.

Kuchumbia ndani ya Stardew Valley kunachukua muda. Mioyo ya mchumba ikifika minane inasimama hapo, haipandi tena mpaka mchezaji anunue shada la maua kwa dhahabu 200 dukani kwa Pierre na kumkabidhi. Hapo wanakuwa wapenzi. Ikifika kumi, na nyumba ikiwa imeshapanuliwa, anatakiwa asubiri siku ya mvua, aende ufukweni upande wa mashariki, kuvuka daraja ambalo amelitengeneza kwa magogo 300, amkute mzee baharia anayeuza kidani cha nguva. Bei yake ni dhahabu 5,000. Hicho ndicho cha kuposea.

Hayo yote watoto wanayajua kwa moyo. Kinachojulikana kwa wachache ni njia ya kurudi.

Kama ni wapenzi tu, bado hawajaoana, mchezaji anachukua shada jingine la maua, analitia kwenye tanuru ya kuyeyushia madini pamoja na kipande kimoja cha makaa ya mawe. Linatoka limekauka. Anampelekea mpenzi wake hilo shada lililonyauka, na uchumba unaishia hapo. Mioyo inashuka hadi mitano. Si sifuri, mitano. Bado wanasalimiana, bado anaweza kupokea zawadi, na siku za usoni wanaweza hata kuanza upya. Njia hii haikuwepo tangu mwanzo. Iliongezwa mwishoni mwa mwaka 2019, na kabla ya hapo aliyetoa maua hakuwa na namna ya kusema kwamba amebadili nia.

Kuna kitu kizuri katika shada hilo, na mzazi anaweza kukionyesha kwa mtoto bila kuhubiri. Mtu analazimika kulitengeneza kwa mkono wake, kulibeba, kumtafuta mwenzake alipo na kumpa ana kwa ana. Hakuna kitufe cha kumfuta mtu ukiwa umelala kitandani. Vijana wangapi wakubwa kabisa, wenye simu nzuri na shahada, wanamaliza uchumba kwa kuacha kujibu ujumbe?

Talaka ni kazi nyingine. Iliingizwa kwenye gemu mwezi Oktoba 2016. Nyumbani kwa meya wa kijiji, Lewis, kuna kitabu kidogo. Mchezaji aliyeoa au kuolewa anakifungua, anaulizwa kama ana uhakika, na gharama inatajwa: dhahabu 50,000. Ni mara kumi ya bei ya kidani. Ukitaka kuipata hesabu hiyo kwa jasho la mwanzo wa gemu, ni kuvuna na kuuza mizizi ya parsnip, inayofanana na karoti nyeupe, zaidi ya 1,400. Akishakubali, ana mpaka saa 4:00 usiku wa siku hiyo hiyo kurudi na kufuta. Akilala bila kufuta, anaamka asubuhi mwenzake hayupo.

Si kwamba hayupo tu chumbani. Chumba chenyewe kimeondoka. Kila mwenza akiingia nyumbani huja na chumba chake, chenye vitabu vyake, gitaa lake au vifaa vyake vya kuchora, na asubuhi ya talaka ukuta uko pale kana kwamba hapakuwahi kuwa na mlango. Aliyekuwa akimwagilia mimea, kulisha mifugo au kukarabati uzio asubuhi za kubahatisha hayupo tena. Mtoto aliyezoea kuamka akakuta kifungua kinywa atalitambua hilo kabla ya mengine yote.

Mtalaka anarudi alikotoka, na kijiji ni kidogo. Penny anarudi kwa mama yake anayependa pombe, kwenye nyumba ya trela karibu na mto. Shane, ambaye hadithi yake nzima ni ya mtu anayepambana na ulevi na huzuni nzito, anarudi chumbani kwake kwenye ranchi ya shangazi yake. Mioyo yote iliyokusanywa kwa mwaka mzima inasomeka sifuri. Pembeni ya jina kunaandikwa kwamba huyu ni mke au mume wa zamani. Hapokei zawadi. Akisemeshwa anajibu kwa uchungu. Na mchezaji hana namna ya kumkwepa, kwa sababu njia ya kwenda dukani ni ile ile.

Watoto wanabaki shambani.

Hapa ndipo mtoto mwenye akili ya kudadisi huanza kuuliza maswali, na ndipo gemu inaishiwa majibu. Watoto wa Stardew Valley hawakui kupita umri wa kutambaa na kukimbiakimbia ndani. Hawazungumzi. Mama yao akiondoka hawaulizi ameenda wapi, hawamfuati nyumbani kwa bibi, hawalii usiku. Mtalaka naye haji kuwaona. Mtu mmoja amefungua kitabu, amelipa, amelala, na shauri la watoto limekwisha bila kutajwa.

Kwetu mambo hayaendi hivyo, angalau hayatakiwi kwenda hivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka mgogoro ufikishwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kuhusu watoto, mahakama inaanza na ustawi wao. Mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama mpaka ionyeshwe vinginevyo, na mtoto mwenye umri wa kuweza kutoa maoni yake husikilizwa. Kwa Waislamu kuna eda, na kwa talaka ya kwanza na ya pili kuna nafasi ya kurejeana. Na kabla ya sheria yoyote kuna wajomba, mashangazi, mshenga, wazee wa pande zote mbili, ambao wakati mwingine huponya na wakati mwingine, tuseme ukweli, humrudisha mtu mahali ambapo hakupaswa kurudi.

Pelican Town haina mshenga. Hana pa kukaa, kwa sababu hakuna cha kusuluhisha: upande wa pili haukuulizwa.

Hilo ndilo la kulitazama kwa makini kuliko mengine yote kwenye gemu hii. Mwenza wa kwenye Stardew Valley anaweza kununa. Ukimpelekea zawadi mchumba mwingine wa jinsia kama yake, anaweza kusikia habari hizo hata kama hakuwepo, na mioyo ikapungua. Ukipita siku nzima bila kumsemesha, inapungua kidogo. Mchezaji anaweza kumpuuza mpaka mioyo iishe na maneno ya nyumbani yawe baridi. Lakini kuondoka hawezi. Hata siku moja mchezaji hataamka akute barua mezani. Kitabu cha nyumbani kwa meya kinamsubiri mtu mmoja tu, aliyeshika simu.

Kwa hiyo mtoto anayecheza anajifunza kuacha, wala hajifunzi kuachwa. Anajifunza kwamba kumwacha mtu kunagharimu, na hilo ni funzo la maana. Anajifunza kwamba anayeachwa huumia na hakusahau kesho yake, na hilo pia ni la maana. Lakini wakati wote huo yeye ndiye mwenye kalamu. Nje ya gemu, kalamu ziko mbili. Msichana wa kidato cha pili atakayemwambia mwanao “hapana, basi”, atakuwa amemfanyia jambo ambalo saa 26 za ndoa ya shambani hazikumwandalia hata kidogo.

Wavulana hasa. Kuna vijana wanaopokea neno “hapana” kama hitilafu ya mtambo: labda sijapeleka zawadi za kutosha, labda nirudi kesho na kesho kutwa. Kwenye gemu mawazo hayo ni sahihi kabisa. Zawadi mbili kwa wiki, moja zaidi siku ya kuzaliwa, na hakuna mchumba kati ya wale 12 ambaye hatimaye hatakubali maua. Mioyo ni hesabu, na hesabu ikijazwa vya kutosha jibu ni ndiyo. Gemu isingechezeka vinginevyo, na Barone halaumiki kwa hilo. Ila ni vizuri mtu mzima aliseme mezani angalau mara moja, kwa sauti ya kawaida: Leah hawezi kukukataa kwa sababu hakuumbwa na uwezo huo, dada yako anao.

Gemu yenyewe inaonekana kulijua tatizo la kutaka yote. Mchezaji akiwachumbia wasichana wote sita kwa pamoja na mioyo yao ikajaa, siku moja ataingia nyumbani kwa Haley akute wamekusanyika wote wakimsubiri. Wanamkabili, wanamfungia vioo kwa siku kadhaa. Isipokuwa kama ana mguu wa sungura mfukoni. Akiwa nao, mambo yanapita kwa upole tu, kama mtu aliyetembea na hirizi.

Halafu kuna jambo la kusahau.

Mbali kabisa, mwishoni mwa hadithi, mchezaji anafika kwenye kibanda cha mchawi kilichoko kwenye kinamasi. Wazazi wengine watakunja uso kwa neno hilo pekee, na wana haki. Ndani yake kuna madhabahu za giza. Mojawapo inapokea dhahabu 30,000 na kufuta kumbukumbu za mtalaka. Kesho yake anakusalimia kama mgeni. Hana kinyongo, hajui kwamba mliwahi kulala nyumba moja, na ukitaka unaweza kumposa tena. Madhabahu nyingine inadai kito adimu cha rangi zote, na kazi yake ni kuwageuza watoto wako kuwa njiwa. Wanaruka na kwenda zao, na hawarudi.

Aliyeandika hadithi hii hakuziita madhabahu hizo za rehema. Ziko gizani, na ile ya njiwa inabeba jina la ubinafsi. Kibanda nacho kina mwenyewe: ni cha mwanamke aliyekuwa mke wa mchawi mwingine wa kijijini, mwanamume ambaye anakiri kwa mchezaji kwamba alimkosea mkewe na ndoa ikavunjika, na mke akageuka kuwa alivyo kwa uchungu. Yaani dawa ya kumsahaulisha aliyeachwa inapatikana nyumbani kwa aliyeachwa ambaye hakusahau. Watoto wengi hupita hapo mbio mbio wakiwaza wino wa kichawi waliotumwa kuufuata. Mzazi akikaa pembeni na kuuliza, “Kwani huyu mwanamke alifanywa nini?” anaweza kushangaa jinsi mtoto anavyoanza kueleza.

Kuna mlango mwingine wa kusahau, na huu kila mtoto anaujua. Kwa kawaida gemu inahifadhi siku pale mhusika anapolala. Aliyefanya jambo akajuta anaifunga bila kulala, anaifungua upya, na siku inaanza asubuhi kama haikuwahi kutokea. Talaka, zawadi mbaya, neno baya. Watu wazima nao wangeununua mlango huo kwa bei yoyote.

Kwa mtoto ambaye wazazi wake wako pamoja, yote haya yanaweza kuwa michezo mitupu. Kwa mtoto ambaye baba amehama nyumbani, au anayelala kwa mama siku za shule na kwa baba wikiendi, kitabu cha meya kinaweza kuwa kitu kingine. Si lazima. Mtoto anaweza kutoa talaka kwa sababu tu ameona Emily ana nywele za buluu na amempenda zaidi. Lakini pia anaweza kuwa anajaribu kwa mkono wake jambo ambalo nyumbani lilimwangukia bila kuulizwa. Anataka kuona asubuhi yake inakuwaje. Anataka kuona kama watoto wanabaki. Anataka kuwa, kwa mara moja, yule anayeamua.

Mzazi hawezi kujua ni lipi kati ya hayo kwa kutazama kioo cha simu. Atajua, akijua, kwa kuuliza na kunyamaza. Swali la “Kwa nini umemwacha?” mara nyingi huzaa jibu fupi: “Nimechoka naye tu.” Swali linalofungua zaidi ni lile linalomhusu mwingine. Yeye amesema nini? Amerudi wapi? Nani anawalea wale watoto sasa? Na kama mtoto atajibu, “Hajasema kitu, haulizwi,” basi mazungumzo yameshafika penyewe, na mzazi hana haja ya kuyasukuma. Katika nyumba ambayo talaka imepita kweli, hapo ndipo mahali pa mama kusema kwamba wewe ulipaswa kuulizwa, na kama hukuulizwa, uliza sasa.

Kosa kubwa hapo ni kucheka. La pili ni kuifuta gemu kwenye simu kwa hasira, maana mtoto atakuwa amejifunza kwamba habari za kuachana hazisemwi mbele ya mama.

Yapo mazingira ambamo hii si gemu tu hata kidogo. Tangu Agosti 2018, wachezaji kwenye kompyuta waliweza kulima shamba moja pamoja, kila mmoja kwa mashine yake, na baadaye mashine nyingine za michezo zikafuata. Wachezaji wawili wanaweza pia kuoana wao kwa wao, kwa pete inayofuliwa kwa madini adimu, siyo kidani cha baharia. Kitabu cha talaka ni kile kile. Marafiki wawili wa darasa moja, au binamu wawili walioko Dodoma na Mwanza, wakioana kwa utani kwenye shamba lao, ukweli unabadilika: upande wa pili kuna mtu anayepumua. Mmoja akienda kimya kimya kwa meya usiku, mwenzake ataamka asubuhi ameachika, na kesho wanakutana shuleni.

Mtoto anayelia kwa jambo hilo asiambiwe kwamba analilia katuni. Shamba walilima wawili. Kuku waliwapa majina pamoja. Aliyeachwa hakuambiwa, na hilo linauma kwa namna ile ile linavyouma kwa watu wazima, tofauti ni ukubwa wa chumba. Na yule aliyetoa talaka, hata kama ni mwanao mpendwa mwenye alama nzuri, anadaiwa kumtafuta mwenzake na kusema naye, jambo ambalo gemu haikumlazimisha. Shada lililokauka lilikuwa na adabu zaidi ya kitabu.

Kila mwaka, tarehe 24 ya majira ya kuchipua, kijiji kizima hukusanyika msituni kucheza ngoma ya maua. Vijana hujipanga mistari miwili, na mchezaji anayetaka kucheza humwendea mmoja na kumwomba. Maduka hufungwa siku hiyo, hakuna mwenye kazi nyingine, kwa hiyo watakuwepo wote: meya Lewis aliyekitunza kile kitabu, Pierre aliyeuza maua, Pam aliyempokea binti yake nyumbani. Penny naye atakuwa amesimama kwenye mstari. Mtoto akifika hapo na simu yake, mama anaweza kusogea kwenye kochi, akanawa mikono ya unga, na kumwomba amwonyeshe ni yupi.